Chungu cha Bi Stumai na Ukurasa wa 47

Ngoja nikuambie kitu, na najua hutaniamini, maana hata mimi nilikuwepo na bado siamini vizuri. Kwa siku nzima mji wote wa Lamiisha, watu elfu nne mia moja na kumi na tatu, pamoja na polisi wetu wawili, shehe, mchungaji na timu ya mpira na wachezaji wake wa akiba, ulikuwa unaishi kwenye vyumba viwili vya bibi mmoja wa miaka sabini na tatu. Kihalali kabisa! Kwa muhuri wa serikali! Picha ninazo, simu hii hapa. Lakini usiniharakishe.

Nchi yenyewe siitaji. Ina bendera, ina wimbo, ina mawaziri wengi kuliko madaraja. Utaijua tu. Mji wetu unaitwa Lamiisha kwa sababu lami iliishia hapo. Mkandarasi alishuka kwenye gari anywe chai, mpaka leo anakunywa.

Sasa, wenzetu nchi nyingine wanahesabu watu kwanza, halafu ndiyo wanachapa kitabu. Sisi tulikuwa na mtambo mpya wa kuchapa, na mtambo ulitakiwa uzinduliwe siku ya Sikukuu ya Taifa, na huwezi kuzindua mtambo ukiwa unachapa hewa. Kwa hiyo kitabu cha sensa kikachapwa miezi mitano kabla ya sensa. Jalada gumu, maandishi ya dhahabu, picha ya Mkuu wa Nchi amembeba mtoto ambaye, ukimwangalia uso, hakuulizwa kama anataka kubebwa.

Mkuu akakifungua palepale uwanjani, na kikafunguka ukurasa wa 47. Lamiisha! Yaani sisi! Tulikuwa tumebanana kibandani kwa fundi baiskeli tunatazama kwenye simu yangu, maana ndiyo pekee iliyokuwa na bando. Mkuu akasoma. Watu 4,112. Kaya 1,028. Wastani, watu wanne kila kaya. Nyumba 1,240, na kati ya hizo 212 ni tupu. Kwa kila wanawake mia moja, wanaume tisini na moja nukta nne. Halafu akavua miwani.

"Wazee wanaoishi peke yao," akasema, na sauti ikamkatika, "sifuri! Sifuri, ndugu zangu! Huko kwa wenzetu wazee wanazeeka na paka. Hapa kwetu, sifuri!"

Uwanja ukalia. Bendi ikapiga. Mwenyekiti wetu wa mtaa, Chilumba, aliruka kwa furaha mpaka akagonga kichwa kwenye bati.

Ikabaki kazi ndogo tu. Kuhesabu.

*

Mimi naitwa Sikudhani, na nilikuwa karani wa sensa. Sifa za kuajiriwa zilikuwa tatu: cheti cha kidato cha nne, tabia njema, na simu inayokaa na chaji. Mimi nilikuwa na hiyo ya tatu. Vishikwambi vya serikali vilikuja, nakubali, lakini vilifika mkoani vikachoka, vikapumzika kwa watoto wa wakubwa.

Semina yetu aliifungua Dokta Ngwembe mwenyewe, Mratibu Mkuu wa Ukweli wa Takwimu. Mtu mnene wa sauti, mwembamba wa shingo, tai yake imefika magotini. Akasimama, akanywa maji, akatutazama kama vile tumemkosea.

"Ndugu makarani," akasema, "neno kuhesabu sitaki kulisikia. Mnakwenda kuhakiki. Mwananchi anaweza kujikosea. Anaweza kudhani ana watoto sita kumbe hana. Kitabu hakikosei, kitabu kimeshafungwa jalada. Ukimkuta mwananchi hafanani na kitabu, unamrekebisha nani?"

"Mwananchiii!" tukaitikia.

"Kwa upendo?"

"Kwa upendooo!"

Akatufundisha maana ya kaya, kama ilivyo kwenye mwongozo wa makarani. Kaya ni watu wanaokula chungu kimoja. Akatuimbisha mara saba kama darasa la kwanza: wa-na-o-ku-la chu-ngu ki-mo-ja. Karani mmoja akanyoosha mkono akauliza ile nukta nne ya mwanaume tutaipata wapi.

"Kapite kwenye meza ya pool saa nne asubuhi siku ya kazi," Dokta akasema. "Utazikuta nukta nne nyingi sana."

Basi tukaingia kazini. Kitabu kilisema watu wanne kila kaya, na sisi tukahakikisha ni wanne kila kaya. Nyumba yenye watano ilimwazima mmoja kwa nyumba yenye watatu. Mama Mwasiti, jirani yangu ukuta kwa ukuta, alikuwa na mume na watoto watatu, wawili wao pacha, Kulwa na Doto. Tukamhamishia Doto kwa kinyozi, ambaye alikuwa na upungufu. Kulwa akawa anakwenda kumlilia mwenzake dirishani kwa kinyozi kila asubuhi, na kinyozi, kwa kukosa la kufanya, akamnyoa na yeye.

Tulipungukiwa watu ishirini na sita mji mzima. Bahati nzuri kukatokea msiba, wageni wakaja, tukawaandika wote kabla hata hawajapewa chai. Mfiwa akanishukuru, akadhani ni rambirambi.

Tukafika 4,112 jioni ya Jumatano. Chilumba akapiga magoti akasali. Halafu akashika orodha yangu, akaona mstari wa mwisho, akaniuliza kwa sauti ndogo sana, "Siku, mwanangu. Mlango wa bluu umeuhesabu?"

Sikuuhesabu. Nilikuwa nauogopa.

*

Mlango wa bluu ni kwa Bi Stumai. Kila mtu wa Lamiisha anamjua, maana asubuhi anapika maharage kwenye chungu cha udongo kikubwa kama tenki la pikipiki tatu, na mji unapita hapo na sahani kabla ya kwenda popote. Saa nne anafunga mlango. Ukigonga baada ya saa nne, anakuuliza kwa ndani, nani kafa? Kama hakuna aliyekufa, anakuambia rudi kesho.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nani kafa?"

"Hakuna, bibi. Sensa. Humu ndani mnaishi wangapi?"

"Mimi."

"Na nani?"

"Na raha."

Nikamweleza ile sifuri. Nikamweleza Mkuu wa Nchi alivyolia. Akanisikiliza huku anameza kidonge chake cha presha, kile anachochukua zahanati kila mwezi kwa kadi yake.

"Sikiliza, mjukuu wangu," akasema. "Nilizaliwa nikawa wa sita kitandani. Nikaolewa nikawa mke wa tatu. Nikazaa saba, nikalea na wa wenzangu watano. Hivi vyumba nimevijenga kwa chungu hiki, tofali moja moja, miaka kumi na moja. Nimeanza kulala katikati ya kitanda nina miaka sitini na nane. Katikati, Siku! Mguu huku, mguu kule. Sasa huyo Mkuu wako anataka nisogee?"

Nikamwandika: mmoja. Ningeandika nini tena? Nikabonyeza kutuma makao makuu, simu ikapiga king'ora, maana haifanani na kitabu. Sikujua simu yangu inaweza kulia hivyo.

Alhamisi Chilumba akaleta suluhisho, nalo lilikuwa mjane mwenzake Bi Stumai, fundi baiskeli Mzee Kobelo, amevaa kanzu iliyopigwa pasi, amebeba godoro.

"Bi Stumai," Chilumba akasema, "serikali imekufikiria. Huyu ni mwenza wa kitakwimu. Ni wa muda tu, mpaka sensa nyingine."

"Miaka mingapi hiyo?"

"Kumi."

Bi Stumai akamtazama Mzee Kobelo kuanzia kofia mpaka ndala. "Kobelo, unakoroma?"

"Kidogo, dada'angu."

"Mrudisheni mlikomtoa. Godoro liacheni, ni zuri."

Hata godoro hawakuliacha. Ijumaa asubuhi na mapema simu yangu ikapokea ujumbe kutoka makao makuu. Kwa kuwa mji wa Lamiisha hauna mzee anayeishi peke yake, mzee huyo atachukuliwa na lori saa tatu kamili na kupelekwa Kituo cha Wazee Wasiokuwepo, kilicho mji mkuu, chenye vitanda vya ghorofa, wazee thelathini kila chumba.

Thelathini! Nilikimbia mlango wa bluu bila viatu.

*

Lori lilikuja na Dokta Ngwembe amekaa mbele. Akashuka, akakuta foleni ya watu na sahani zao. Ilikuwa saa mbili na nusu, chungu kimechemka, harufu ya vitunguu na nazi imejaa barabara yote. Dokta alikuwa ametoka mji mkuu alfajiri bila kula. Nikaona koo lake linapanda na kushuka ndani ya kola.

"Mama," akamwambia Bi Stumai, "jiandae. Beba nguo mbili na mswaki. Taifa linakuhitaji usionekane."

"Nagawa maharage, baba. Mwenye haraka ashike sahani."

Akasita. Akaangalia huku, akaangalia kule. Akashika sahani.

Hapo ndipo wazo lilipoingia, na naapa sikulitafuta, liliingia lenyewe. Nikamsubiri ajaze mdomo. Halafu nikapanda juu ya ndoo, simu mkononi, nikauliza kwa sauti ya semina:

"Dokta, kaya ni nini?"

"Watu wanaokula chungu kimoja," akajibu, maharage yanamtoka pembeni. Yaani lilimtoka kama mtu anavyoitika jina lake.

"Na hawa wanakula chungu gani?"

Dokta akaacha kutafuna.

"Hawa wananunua," akasema.

"Mwongozo hausemi kama wananunua au wanapewa. Ukurasa wa tatu."

"Hawalali hapa!"

"Mwongozo hausemi kulala, Dokta. Unasema kula. Ulituimbisha mara saba."

Mama Mwasiti akanyanyua sahani yake juu. "Mimi nakula hapa mwaka wa tisa! Niandike!"

"Na mimi!" "Na mimi niandike, Siku!" "Mimi nimeongezewa mara mbili, niandike mara mbili!"

Nikahesabu sahani. Sitini na tatu na Bi Stumai mwenyewe. Nikaandika: mlango wa bluu, watu sitini na watatu. Nikabonyeza. Hakuna king'ora. Mzee anayeishi peke yake, Lamiisha: sifuri. Dokta Ngwembe akaangalia sahani yake, imebaki mchuzi kidogo. Akaumaliza, akapanda lori, akaondoka. Watu walishangilia, wakambeba Bi Stumai juu juu, naye anawapiga upawa vichwani, "Nishusheni, maharage yanaungua!"

Ingekuwa hadithi nzuri ingeishia hapo. Nilishaiweka mpaka status.

*

Kumbe mtambo wa kompyuta wa makao makuu, ukimwandika mtu kaya mpya, unamtoa kaya ya zamani. Mama Mwasiti na mumewe na Kulwa walikuwa kwenye chungu. Kinyozi alikuwa kwenye chungu, na Doto naye. Kwa hiyo kwa mujibu wa serikali Kulwa na Doto walikuwa tena kaya moja! Mama Mwasiti alikwenda kwa kinyozi akambeba mtoto wake mgongoni, akapita naye katikati ya mji anaimba.

Habari ikaenea. Kila aliyeazima mtoto, mama mkwe, au mume, akatafuta sahani. Jumamosi foleni ilifika sokoni. Jumapili ilivuka daraja, na mchungaji akahamishia ibada kwenye foleni, maana waumini wote walikuwa huko. Bi Stumai alianza kugawa upawa mmoja, akaja kijiko, mwisho akawa anaweka punje moja ya haragwe katikati ya sahani, na mtu anaondoka nayo kwa mikono miwili. Mimi nabonyeza tu. Kidole kilivimba. Jumapili saa kumi na moja jioni nikamwandika Chilumba wa mwisho. Kaya moja. Watu 4,113. Vyumba viwili.

Na Bi Stumai akawa mkuu wa kaya.

Unajua mkuu wa kaya nchini kwetu ana kazi gani? Anasaini fomu za shule. Anakubali posa. Anaitwa polisi mtu wake akikamatwa. Jumatatu asubuhi kulikuwa na watu mia mbili mlangoni: mtoto wa huyu ametoroka shule, wa yule anataka kuoa, timu ya mpira inataka ruhusa ya kusafiri, na polisi wetu wawili wanaomba ruhusa ya kwenda likizo. Saa nne ikafika, akafunga mlango. Wakagonga. Akafungua, macho mekundu, akanitafuta kwa macho mpaka akanipata.

"Siku. Mimi nilikuomba nini?"

"Ulale peke yako, bibi."

"Na wewe umeniletea nini?"

Nilijifanya nasoma simu.

Mchana wake lori likarudi, na nyuma yake magari manne ya vioo vyeusi. Maana kama mji mzima unaishi mlango wa bluu, nyumba nyingine zote elfu moja mia mbili thelathini na tisa ni tupu, si ndiyo? Na nyumba tupu ni mali ya serikali. Wastaafu wakubwa walikuwa wameshagawiwa. Mke wa mmoja alikuwa sebuleni kwa Mama Mwasiti, anapima dirisha kwa ajili ya mapazia, Kulwa na Doto wamemkodolea macho.

"Umeona ulichofanya?" Dokta Ngwembe akaniambia. Alikuwa amekonda. Tai ilikuwa imepita magoti. "Kesho saa sita mtambo unafungwa. Kitabu kinasema kaya 1,028, wastani wanne. Wewe una kaya moja, wastani elfu nne! Mkuu akiona hili, mimi nakwenda kuhesabu mbuzi mpakani."

Sasa sijui kwa nini, labda ni mazoea ya vidole, nikafungua kikokotoo cha simu. Nikagawa 4,112 kwa 1,028.

"Dokta. Inatoka nne."

"Nini inatoka nne?"

"Watu ukiwagawa kwa kaya. Inatoka nne hata kama huyu ana saba na yule ana mmoja. Hatukuwa na haja ya kumwazima mtoto wa mtu."

Chilumba akaangalia mawingu.

"Hesabu hiyo umeitoa wapi?"

"Kwenye simu."

"Simu ina kikokotoo?" Dokta akasema taratibu. "Na hukusema semina nzima?"

Palepale akaamuru kila mtu arudi kwake na wanawe wote. Nikakesha nabonyeza. Magari ya vioo vyeusi yakageuza, na yule mama wa mapazia akaondoka na fimbo ya pazia ya Mama Mwasiti, lakini hayo tuyaache. Jumanne saa tano na nusu nikamsomea Dokta majibu. Watu 4,113, wanatakiwa 4,112. Kaya 1,029, zinatakiwa 1,028. Nyumba tupu 211, zinatakiwa 212. Mzee anayeishi peke yake, mmoja. Anatakiwa sifuri.

Mji wote ulikuwa umesimama barabarani, na mji wote ukageuka kuutazama mlango wa bluu. Lori lilikuwa linanguruma.

Bi Stumai akatoka. Alisikia yote, kuta zake si nene.

"Nifute," akasema.

"Bibi?"

"Si nimezidi mimi? Nifute. Watu wanatimia, kaya zinatimia, nyumba yangu inakuwa tupu, wazee sifuri. Na mtu ambaye hayupo hawezi kupandishwa lori. Au nasema uongo, baba?"

Dokta Ngwembe alikuwa anakokotoa kwenye vidole. Uso ukamfunguka. "Mama," akasema, na machozi yakamlengalenga, "wewe ni mzalendo. Wangekuwepo wengi kama wewe ambao hawapo, nchi hii ingekuwa mbali."

Mimi kidole kikagoma. "Bibi, nikikufuta, namba yako inakufa. Kadi ya zahanati inakufa. Vidonge vya presha utachukuaje?"

"Utanichukulia kwa jina lako."

"Nina miaka ishirini na miwili! Presha nitaipata wapi?"

"Utaipata tu. Endelea na kazi hii."

Watu wakacheka. Mimi nikabonyeza. Ilikuwa imebaki dakika nne. Skrini ikajaa maua na maneno: Hongera, Lamiisha iko sahihi kwa asilimia mia moja.

*

Hiyo ni miezi miwili iliyopita. Bi Stumai anapika kila asubuhi, anafunga saa nne, na ukipita dirishani unamsikia anaimba humo ndani, ndani ya nyumba tupu ya mia mbili na kumi na mbili. Sijawahi kumwona mtu ana furaha vile.

Lakini vidonge. Mwezi wa kwanza nilikwenda zahanati mimi. Nesi akanipima, mia moja na kumi kwa sabini. "Toka hapa," akaniambia, "una presha ya ndama." Mwezi wa pili tukaenda wote wawili. Nesi akaandika jina la bibi kwenye kompyuta, akatazama, akatutazama. "Hayumo," akasema. Bi Stumai alikuwa amekaa mbele yake kwenye kiti. Vidonge vya dukani ni vya namna nyingine na vinamtia kizunguzungu. Wiki hii anapika ameketi. Jana alishika ukuta kabla ya kushika upawa, akaona nimemwona.

"Usithubutu," akaniambia.

Kwa sababu anajua. Ule mtambo wa makao makuu una kitufe kimoja zaidi, Rejesha, na unakitunza siku sitini tu. Kesho saa sita ndiyo mwisho. Nikikibonyeza, kadi yake inafufuka, nesi anamwona, vidonge vyake vinarudi. Na Lamiisha inakuwa na mtu mmoja zaidi ya kitabu, mzee anayeishi peke yake anakuwa mmoja, na lori linatoka mji mkuu siku hiyohiyo kuja kumpeleka kwenye kile chumba cha watu thelathini. Nisipokibonyeza, yuko nyumbani kwake, huru, na hayupo.

Nimekaa kizingitini kwake sasa hivi, simu mkononi, chaji asilimia tisa. Humo ndani amelala mchana, anakoroma taratibu. Nimeshaweka kidole mara tatu nikakitoa.

Wewe ungekuwa mimi, ungefanyaje?